Dobi wa Makao ya Wazee ni Mhudumu wa Afya

Mwaka 2018, katika hospitali moja ya mji wa Blackpool nchini Uingereza, mhudumu wa wodini alitandua kitanda cha mgonjwa aliyekuwa ametoka safari ya Nigeria. Wakati huo hakuna aliyejua mgonjwa anaumwa nini. Baadaye vipimo vikaonyesha ni mpox, na haukupita muda mhudumu naye akaugua ugonjwa uleule. Wataalamu walipofuatilia alikoupatia, njia pekee waliyoibaini ni yale matandiko aliyoyabadilisha kabla ugonjwa haujatambuliwa.

Wakati ule kisa hicho kilikuwa cha mbali. Sasa kimesogea. Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa baada ya kuenea Kongo na kuvuka mipaka hadi Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Machi 2025 Tanzania nayo ikathibitisha wagonjwa wake wa kwanza. Na hata mpox isingekuwepo, anayefua mashuka ya wazee ana maadui wake wa siku zote: upele, magonjwa ya kuhara, kipindupindu kinapozuka, na virusi vya homa ya ini vinavyokaa kwenye damu.

Tanzania ina makao ya wazee ya Serikali na ya taasisi za dini. Nunge kule Kigamboni, Fungafunga mjini Morogoro, Njoro mkoani Kilimanjaro, Kolandoto mkoani Shinyanga na Welezo kisiwani Unguja ni baadhi tu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliweka jukumu la kwanza la matunzo mikononi mwa familia, na kuyafanya makao kuwa kimbilio la mwisho. Maana yake ni kwamba anayefikishwa pale mara nyingi hana mtoto wala ndugu wa kumfulia. Baadhi ya makao hayo yalianza kama makazi ya watu wenye ukoma, kwa hiyo kwenye beseni la kufulia huingia pia vitambaa vya vidonda vya miaka mingi.

Katika makao hayo kuna mtu anayejua afya ya kila mzee kabla ya daktari. Ndiye wa kwanza kuona damu kwenye mkojo, choo kilichobadilika rangi, usaha uliogandia kwenye foronya. Ndiye anayeshika kwa mikono yake kila kinachotoka katika miili ya wengine. Tunamwita dobi, na kwenye orodha ya watumishi jina lake huandikwa mwishoni, baada ya mpishi na mlinzi. Makala haya yanasema kwamba nafasi yake halisi ni miongoni mwa wahudumu wa afya, na kwamba kazi yake ina kanuni zake, kama zilivyo kazi za muuguzi.

Kazi huanzia kitandani

Watu wengi hudhani ufuaji huanzia kwenye karo. Lakini usalama wote huamuliwa kitandani, dakika zile chache za kutandua shuka lililochafuka.

Mlezi anayeijua kazi huingia na salamu kwanza: “Shikamoo bibi. Umeamkaje? Tubadilishe shuka kidogo, halafu nikuletee chai.” Hafungui dirisha kwa kishindo, hashiki pua, hamuulizi bibi kwa nini hakuita. Ameshavaa glavu na aproni ya plastiki, na ndoo yenye mfuniko ameiweka palepale miguuni mwa kitanda. Kabla ya kugusa shuka anapapasa taratibu chini ya mto na pembeni mwa godoro. Humo wazee huhifadhi mali zao: miwani, meno ya bandia, tasbihi au rozari, noti iliyofungwa pindoni mwa khanga, na wakati mwingine wembe wa kukatia kucha. Wembe uliosahaulika ndani ya shuka ndio unaomkata dobi saa mbili baadaye, mikono yake ikiwa ndani ya maji yenye damu ya mtu mwingine.

Kisha anakunja. Anazileta pindo za shuka katikati ili uchafu ubaki ndani na upande mkavu uwe nje, analiviringisha polepole kutoka kichwani kuelekea miguuni, na kulitumbukiza ndooni bila kuliweka sakafuni na bila kulikumbatia kifuani. Choo kigumu hukiondoa kwanza kwa karatasi au kipande bapa cha plastiki na kukitupa chooni. Mfuniko unafungwa. Shuka halitafunguliwa tena mpaka lifike chumba cha kufulia.

Hapo ndipo tunapotakiwa kuacha desturi moja tuliyozaliwa nayo. Majumbani tumefundishwa kukung’uta shuka asubuhi, na binti asiyekung’uta shuka alihesabiwa mvivu. Kwenye makao ya wazee, kukung’uta shuka chafu ni kurusha hewani magamba ya ngozi, wadudu wa upele na chembe za choo kilichokauka, vikaangukie kitanda cha jirani, kikombe cha uji na pua ya mlezi mwenyewe. Mwongozo wa Marekani, Uingereza na WHO unakubaliana katika hili: nguo iliyochafuka haikung’utwi, haichambuliwi chumbani, na hubebwa mbali na mwili. Ikishikwa hivyo na kufuliwa ipasavyo, hatari ya kuambukiza ni ndogo sana. Hatari iko katika namna tunavyoishika.

Kosa jingine ni kulisuuza shuka kwenye sinki la bafuni, palepale wazee wanapopigia mswaki. Anayefanya hivyo amehamisha choo kutoka kitandani hadi kinywani.

Mkono hauvumilii maji ya kutosha

Kwenye hospitali na makao ya nchi zenye mashine kubwa, kazi ya kuua vijidudu hufanywa na joto. Uingereza inataka maji yafike nyuzi 65 za Selsiasi kwa dakika zisizopungua 10, au nyuzi 71 kwa dakika zisizopungua 3. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC) kinataja nyuzi 71 kwa dakika 25. Wenzetu kutoka Afrika Mashariki wanaolea wazee Uingereza wanaijua mifuko myekundu inayoyeyuka: shuka lililochafuka hufungwa ndani yake chumbani, mfuko wote ukaingizwa kwenye mashine bila kufunguliwa, na maji yakauyeyusha.

Makao yetu mengi hufua kwa mikono. Na mkono wa binadamu hauwezi kukaa kwenye maji ya nyuzi 50 bila kuungua. Kwa hiyo maji ya “moto” yanayovumilika mkononi, hata yakitoa mvuke, hayajafika hata karibu ya kiwango kinachoua vijidudu. Anayefua kwa mikono na sabuni peke yake ameondoa uchafu unaoonekana, na sehemu kubwa ya usioonekana, lakini hajamaliza kazi.

Njia mbili zipo, na zote ziko ndani ya uwezo wetu. Ya kwanza ni pipa, kuni au gesi, na mti mrefu wa kukorogea: mashuka yachemshwe na sabuni, mtu akiwa amesimama pembeni bila kutumbukiza mkono. Ya pili ni klorini, hiyo tunayoiita jiki. WHO inaelekeza kwamba pasipo na mashine, nguo zilowekwe kwenye maji ya moto na sabuni ndani ya pipa, zikorogwe kwa mti bila kurusha maji, yale maji yamwagwe, kisha nguo zilowekwe kwenye maji ya klorini ya asilimia 0.05 kwa dakika 30 hivi, zisuuzwe na kuanikwa juani hadi zikauke kabisa.

Asilimia 0.05 ni hesabu ndogo. Kama chupa imeandikwa klorini asilimia 3.5, sehemu 1 ya jiki huingia kwenye sehemu 69 za maji; katika ndoo ya lita 20 ni mililita 285 hivi. Kama imeandikwa asilimia 5, ni mililita 200. Kipimo kiandikwe kwa wino mzito ukutani, juu ya ndoo, na pawepo chombo chenye alama za mililita. Kumimina kwa macho huishia kwenye mojawapo ya mabaya mawili: maji mepesi yasiyoua kitu, au makali yanayotoboa shuka na kuchubua mikono. Maji haya hutengenezwa upya kila siku, kwa maji baridi, kwa kuwa jua na joto huivunja klorini.

Mpangilio wa hatua hizo ndio wenye uzito. Klorini ikikutana na choo, damu au usaha, huishia kupambana na uchafu huo na nguvu yake kwisha kabla ya kuvifikia vijidudu. Kwa hiyo sabuni hutangulia, klorini hufuata. Damu nayo huondolewa kwanza kwa maji baridi, maana maji ya moto huigandisha kwenye uzi.

Lipo jambo la hatari zaidi. Shuka lililolowa mkojo likitiwa moja kwa moja kwenye jiki, amonia ya mkojo huungana na klorini na kutoa gesi kali inayochoma macho na kubana kifua. Chumba cha kufulia kikiwa kidogo, chenye dirisha moja, anayefua anaweza kuondoka hapo akikohoa kwa siku kadhaa na asijue sababu. Shuka la mkojo lisuuzwe kwa maji mengi kwanza. Na jiki isichanganywe kamwe na dawa ya chooni yenye asidi, maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini yenyewe.

Twahara na afya ni ndugu

Kwa mzee Mwislamu wa Welezo, au wa mji wowote wa pwani, shuka lenye mkojo lina uzito wa ziada. Ni najisi, na linamzuia kuswali kwa utulivu. Wapo wazee wanaohesabu siku zao kwa adhana, na anayewaacha na nguo yenye najisi amewanyima kitu wanachokithamini kuliko chakula.

Katika fiqhi ya madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, maji machache yakiingiwa na najisi hunajisika yote. Ndiyo maana watu wazima walitufundisha kuyamimina maji juu ya nguo, wala sio kuichovya nguo kwenye beseni dogo na kuikorogakoroga humo humo, na kuendelea kumimina mpaka rangi na harufu ya najisi vitoweke. Mtaalamu wa usafi wa hospitali angesema vivyo hivyo: suuza kwa maji yanayopita, ondoa uchafu kwanza, usifue mashuka kumi kwenye maji yaleyale. Mlezi akilieleza jambo hili kwa lugha ya twahara, dobi aliyelelewa madrasa hulishika mara moja, na mzee naye hupata amani.

Upele na nzi wa kambani

Mdudu wa upele huishi siku 2 hadi 3 tu akiwa nje ya ngozi ya binadamu, na nyuzi 50 kwa dakika 10 humuua. Ni adui dhaifu. Anachotegemea ni uzembe wetu: tunamtibu mzee mmoja leo, tunafua mashuka yake kesho, na jirani yake aliyeanza kujikuna tunamwacha hadi wiki ijayo. Dawa ni siku moja kwa wote. Wazee wa chumba kizima na walezi wao wapakwe dawa siku ileile, na mashuka, nguo na taulo zifuliwe siku ileile. Blanketi zito lisilofulika lifungwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kwa saa zisizopungua 72.

Baada ya kufua huja kuanika, na hapo pana mdudu wetu wa Afrika. Yupo nzi, kwa jina la kitaalamu Cordylobia anthropophaga, anayetaga mayai kwenye mchanga wenye kivuli na kwenye nguo mbichi zilizoanikwa mahali pasipo na jua kali. Mayai yakianguliwa, funza wake hutoboa ngozi na kutengeneza jipu lenye tundu katikati. Ngozi ya mzee ni nyembamba kama karatasi, na kidonda kinachopona kwa kijana ndani ya siku chache humkalia mzee kwa majuma. Kwa hiyo kamba iwe juani, nguo zisilazwe nyasini wala kwenye ua wa michongoma, zikauke kabisa, na zipigwe pasi ya moto, hasa mishono na pindo. Pasi ya mkaa inatosha. Nguo za ndani zisirukwe.

Baada ya hapo nguo safi isirudie njia ya nguo chafu. Toroli lililobeba ndoo za alfajiri lisilete mashuka yaliyokunjwa, na kamwe lisibebe sufuria la uji. Kama chumba cha kufulia kina mlango mmoja tu, basi chafu ziingie na kumalizwa asubuhi, pasafishwe, ndipo kazi ya kukunja ianze. Glavu zilizoshika chafu zisiguse safi, na zikivuliwa mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Vitakasa mikono vya spiriti havitoshi hapa, kwa kuwa baadhi ya virusi vya kuhara, kama norovirusi, huvistahimili.

Shuka bichi na ngozi ya mzee

Mkojo ukikaa kwenye shuka kwa saa nyingi hubadilika kuwa amonia, na amonia hudhoofisha kinga ya asili ya ngozi. Ngozi hiyo iliyolegea, ikikandamizwa na godoro usiku kucha, huchunika, na huo ndio mlango wa vidonda vya kulalia. Kidonda kimoja cha namna hiyo hudai usafi wa kila siku kwa miezi. Kwa hiyo mashuka ya akiba ni dawa. Makao yenye mashuka mawili kwa kila kitanda, moja kitandani na moja kambani, yatashindwa siku ya kwanza ya mvua. Yanahitajika angalau matatu, na kwa mzee asiyezuia haja yanahitajika zaidi, pamoja na mpira wa kufunika godoro unaofutika kwa sabuni.

Kuna pia jeraha lisiloonekana. Mzee aliyeongoza kaya, aliyekuwa akitumwa posa na kusuluhisha magomvi, anaamka amelowa. Wengine hulikunja shuka na kulificha chini ya godoro wasionekane, na hapo harufu na wadudu huzaliana. Akikaripiwa mara moja, ataficha siku zote. Akiambiwa “Haya si kitu, babu, shuka tunazo,” atamwita mlezi mapema, na kila mtu chumbani atakuwa salama zaidi.

Hata nguo zake ni heshima yake. Msuli wake uwe wake, khanga yake iwe yake. Alama ndogo ya uzi wa rangi iliyoshonwa ndani ya pindo, kila mzee na rangi yake, inazuia babu kuvalishwa shati la marehemu wa chumba cha pili. Na nguo hizo za rangi zichemshwe au zipigwe pasi badala ya kuzamishwa kwenye jiki, ili asione khanga aliyopewa na mwanawe imepauka.

Anayefua naye ana mwili

Wahenga walisema mwosha huoshwa. Sote tunaelekea kitanda kile, na mikono itakayotushika siku hiyo itakuwa na ujuzi tutakaokuwa tumeipa, au itakosa ule tulioinyima.

Dobi wa makao ya wazee anahitaji chanjo ya homa ya ini aina ya B, dozi tatu ndani ya miezi sita. Anahitaji glavu nene za mpira zinazofika karibu na kiwiko, aproni isiyopenya maji, buti, na kinga ya macho wakati wa kusuuza. Anahitaji meza ya zege ya kufulia yenye kimo cha kiuno, kwa sababu blanketi lililolowa ni zito, na kulikamua mtu akiwa ameinama kila siku kunamaliza mgongo. Anahitaji dirisha. Anahitaji kufundishwa sababu za kila hatua, maana anayejua kwa nini jiki haikutani na mkojo hatasahau hata msimamizi asipokuwepo. Na akiona damu kwenye shuka, awe na daftari la kuandika na muuguzi wa kumwambia.

Haya hayaishii makaoni. Sensa ya 2022 ilihesabu nchini wazee wa miaka 60 na kuendelea zaidi ya milioni 3, na walio wengi mno wanaishi na familia zao. Dobi wao ni mkwe, binti au mjukuu anayefua kabla ya kwenda shule. Ndoo yenye mfuniko, glavu, sabuni kabla ya jiki, kipimo sahihi, jua na pasi: kila kimoja kinawezekana kwenye nyumba ya kupanga yenye bomba moja uani.

Kila tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, na kila sikukuu inapokaribia, vikundi na kampuni hutembelea makao wakiwa na mchele, sukari na mpiga picha. Chakula kinahitajika na Mungu awalipe. Lakini kabla ya kupakia gari, mpigieni simu msimamizi mwulize chumba cha kufulia kina nini. Huenda jibu likawa tangi la maji, pipa la kuchemshia, mashuka hamsini, au buti jozi nne. Mkifika, ombeni kuoneshwa karo kabla ya ukumbi, na mwulizeni anayefua kama amechanjwa. Halmashauri na taasisi za dini zenye makao nazo zimwingize dobi kwenye bajeti ya afya, kwa jina na cheo, pamoja na vifaa vyake vya mwaka mzima. Akikosa vifaa hivyo, upele na kuhara vitaendelea kutibiwa chumba kimoja na kurudi kupitia kingine, na dawa zitakazonunuliwa zitagharimu kuliko sabuni tuliyomnyima.